Jumla ya Leo na Mstari Uliotangulia

Tangu tarehe 1 Agosti 2018, serikali ya Kongo ilipotangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na Beni, watu wa Beni na Butembo walisomewa kila siku jumla ya wagonjwa, jumla ambayo aghalabu hupanda tu, na kwa hiyo haimwambii msikilizaji kama maradhi yanashika kasi au yanalegea. Wagonjwa 1,000 wa mwanzo walitimia tarehe 24 Machi 2019, karibu miezi minane baada ya tangazo lile. Elfu ya pili ikatimia tarehe 4 Juni, kwa siku 72 tu. Khofu yote imo katika tofauti hiyo.

Ili kuipata tofauti ya namna hiyo siku kwa siku, katika daftari la karatasi jicho hupanda mstari mmoja juu, basi. Lakini katika hifadhidata ya kompyuta ya mezani, kama Microsoft Access, mistari haina mpangilio wake yenyewe, wala programu hiyo haina amri ya kuchungulia mstari uliotangulia, ambayo hifadhidata kubwa zinayo. Yampasa karani anayetunza hesabu hizo, ndani ya ulizo (query) lake, aweke ulizo dogo linalorejea jedwali lile lile na kutafuta, katika zoni ya afya ile ile, tarehe iliyo karibu zaidi nyuma ya hii, kisha atoe jumla ya siku hiyo katika jumla ya leo. Akisahau sharti la zoni, jumla ya zoni ya Katwa itatolewa katika ya zoni ya Butembo, na jibu litapendeza machoni ilhali ni batili.

Tuseme, kwa tarakimu za mfano, Katwa iliandika 210 Jumatatu na 214 Jumanne. Jumatano barabara hazikupitika kwa ajili ya risasi, ripoti haikufika. Alhamisi ikaandika 223. Aliyeagiza tarehe ya leo kutoa moja atapata tupu, na wagonjwa tisa watapotea. Aliyeagiza tarehe ya karibu nyuma atapata 9, lakini sharti ahesabu pia siku zilizopita kati ya mistari hiyo miwili, asije akatangaza kwamba maradhi yameongezeka maradufu kwa siku moja. Kwangu mimi hesabu hiyo ya siku ndiyo yenye thamani kupita zote, madhali Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na katika nyakati kama hizo idadi ndogo yaweza kuwa dalili ya kazi iliyokwama, wala si ya nafuu.

Na tofauti ikitoka chini ya sifuri, karani asiifute: huenda mgonjwa aliyedhaniwa ameondolewa katika jumla baada ya uchunguzi, na sababu hiyo yafaa iandikwe kando ya mstari huo huo.