Fahamu: Sabuni ya Kufulia Isiyoudhi Ngozi Wala Ziwa

Ni sabuni ya namna gani?

Ni ile isiyotiwa manukato, rangi wala fosfeti, ambayo huwafaa hususan watoto wachanga na wenye maradhi ya ukurutu. Kwani ngozi ya binadamu kwa tabia yake ina uasidi kidogo, ilhali sabuni ya kipande ni alikali, na mabaki yake yakisalia katika nyuzi za nguo huikausha ngozi na kuiwasha.

Ziwa lahusikaje?

Maji machafu ya Kisumu yasiposafishwa huishia katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, yenye kina kifupi na maji yasiyobadilika upesi, na humo fosfeti, ikishirikiana na mbolea ya mashambani na maji ya vyoo (ambavyo, kwa insafu, ndivyo vyenye lawama kubwa zaidi), hulirutubisha gugumaji, lile lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambalo hata leo huzifungia njia mashua za wavuvi wa ufuo wa Dunga.

Mfuaji afanyeje?

Maji ya ziwa hili yana chokaa haba, basi povu hupatikana kwa sabuni kidogo, na anayezidisha hupata taabu ya kusuuza tu. Nguo za mtoto zisuuzwe mara mbili, na maji ya povu yamwagwe udongoni, mbali na ufuo. Sifa ya “asilia” iliyoandikwa pakitini si dhamana, maana hata mafuta ya maua na ya limau huwadhuru baadhi ya watu. Heri kusoma orodha ya viambato.