Japani: kwa nini nyungu ya bonsai inaweza kufikia bei ya ng'ombe

Haina mfuniko, haipikiwi chakula wala haichotewi maji. Chini imetobolewa matundu. Lakini nyungu hii ya udongo, ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba kwa mikono miwili, huuzwa dola mia kadhaa. Ikiwa aliyeifinyanga ana jina, bei hupita dola elfu moja.

Ni nyungu ya bonsai, ile miti midogo ambayo Wajapani huitunza miaka na miaka kwa kuikata matawi na mizizi ili isikue mirefu. Jina lenyewe linaonyesha uzito wa chombo: "bon" ni nyungu pana, "sai" ni kupanda. Mti ukitolewa ndani ya nyungu unabaki mti tu, hauitwi tena bonsai.

Mji wa udongo mwekundu

Nyungu nyingi zinazosifiwa zinatoka Tokoname, mji ulio kando ya bahari katika jimbo la Aichi, katikati ya Japani. Wakaaji wake wanachoma udongo tangu karne ya 12, na mji huo unahesabiwa kati ya vituo sita vya kale vya ufinyanzi vya inchi hiyo. Udongo wake una chuma nyingi, ndiyo maana ukichomwa unakuwa mwekundu au kahawia.

Tokoname haikuishi kwa nyungu za bonsai peke yake. Ilitengeneza mitungi mikubwa, mabomba ya maji machafu, birika za chai, vigae na vyoo. Tanuru moja kubwa iliyojengwa kwenye mteremko mwaka wa 1887, yenye mabomba kumi ya moshi, bado inasimama na watu wanaitembelea, ijapokuwa moto wake ulizimwa mwaka wa 1974.

Kazi ya wiki nyingi

Nyungu ya bei ndogo hutengenezwa kiwandani: udongo unamiminwa au kukandamizwa ndani ya kalibu, na kalibu moja inatoa nyungu nyingi zinazofanana. Hiyo inapatikana kwa dola chache tu.

Ile ya mikono inafuata njia nyingine. Mfinyanzi anakanda udongo kuondoa hewa, anaukata vipande bapa, anaviunganisha pembe kwa pembe, kiisha anaweka miguu na kutoboa matundu. Matundu makubwa ni ya kutoa maji, madogo ni ya kupitisha waya unaoshikilia mizizi. Kisha anangoja. Nyungu pana na bapa ikikauka haraka inapinda au kupasuka, kwa hiyo inafunikwa na kuachwa ikauke polepole.

Katika kukauka na kuchomwa, udongo unapungua sehemu moja kwa kumi au zaidi. Anayetaka nyungu ya sentimita 30 lazima afinyange ya sentimita 34 hivi, na ukingo ubaki umenyooka hata baada ya moto unaopita digrii 1.000. Moto huo mkali una sababu: wakati wa baridi, maji yaliyoingia ndani ya udongo usioiva vizuri yanaganda, yanatanuka na kupasua nyungu. Kila nyungu inayoharibika tanuruni imekula udongo, siku za kazi na gesi. Hasara hiyo inaingia katika bei ya zile zinazotoka salama.

Nyungu kuukuu inashinda mpya

Misonobari huwekwa kwa kawaida ndani ya nyungu isiyopakwa kitu, yenye rangi ya udongo. Miti ya maua na ile inayopukutisha majani inapewa nyungu yenye mng'aro wa rangi, kama buluu au kijani. Mti ukiwa bado mchanga, mtunzaji hasumbuki: anatumia sanduku la mbao au nyungu ya plastiki. Nyungu ya thamani inangoja hadi mti ukomae, wengine wanaitoa wakati wa maonyesho tu.

Katika soko hili, uzee hauharibu bei. Nyungu iliyotumika makumi ya miaka inapata sura ya utulivu ambayo mpya haina. Zile za kale zilizoletwa kutoka China zinaweza kufikia makumi ya maelfu ya dola. Chini ya nyungu, mfinyanzi anapiga muhuri wake, na muhuri huo unaweza kuzidisha bei mara nyingi. Ndiyo maana wako pia wanaoughushi.

Faida inakwenda kwa nani?

Heian Tofukuji, mfinyanzi wa Kyoto aliyezaliwa mwaka wa 1890 na kufariki mwaka wa 1970, anatajwa leo kati ya wakubwa wa kazi hii. Nyungu zake ndogo zinauzwa maelfu ya dola. Lakini yeye aliishi katika umaskini na alichomea vyombo vyake katika tanuru za kushirikiana na wengine. Thamani ilipanda, feza zikaenda kwa wenye kukusanya na wenye kuuza tena.

Swali hilo halijakwisha. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani wameongezeka, na feza ya Japani imeshuka. Nyungu ya yeni 30.000 ilikuwa sawa na dola 260 hivi mwanzoni mwa mwaka wa 2022, wakati dola moja ilikuwa yeni 115. Dola ilipofika yeni 150, nyungu ileile ikawa dola 200. Mgeni anaona bei nafuu, lakini mfinyanzi anapokea yeni zilezile, huku Japani ikinunua karibu gesi yake yote inchi za nje.

Juu ya hayo, wafinyanzi wengi wamezeeka na vijana wanaokubali kujifunza miaka mingi bila mapato makubwa ni wachache. Mkono ukipumzika, muhuri wake hauzai nyungu nyingine, na zilizobaki zinapanda bei.

Kwa mfinyanzi aliye hai, bei inayomsaidia ni ile ya mara ya kwanza, nyungu inapotoka mikononi mwake. Zinazofuata zote ni za wengine.