Engaruka: mashamba, si mji

Aliyekulia Marangu akigombania zamu ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, hawezi kufika Engaruka akaanza na nyumba. Kwanza anatafuta maji yalipita wapi. Mwenyeji wangu, kijana wa Kimaasai, alicheka: "Wageni wote huuliza mfalme alikaa wapi!"

Huyo mfalme ametupotezea muda mwingi. Magofu haya yako wilayani Monduli, kaskazini ya Mto wa Mbu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na kwa miaka mingi yameitwa mji uliopotea. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipoyachunguza mwaka 1935 alikadiria wakazi kwa makumi ya maelfu. Waliomfuata, akina Hamo Sassoon na John Sutton, walipunguza makeke: ni vijiji saba vilivyojengwa kwenye mteremko wa mawe, na chini yake mashamba ya kilomita za mraba 20 hivi. Watu waliishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18.

Chuchumaa uone kazi yenyewe. Jaruba limezungushiwa mistari ya mawe, bila saruji, na limesawazishwa hivi kwamba maji yakifunguliwa juu yatambae tu, yasibebe udongo. Kwingine walifanya kinyume: waliutega udongo uliobebwa na mto, wakiongeza kimo cha ukuta kadiri tope lilivyojaa. Hilo hata babu yangu, fundi wa mifongo, sikumwona akilijaribu. Walilima mtama, na ng'ombe wakawekwa kwenye mazizi ya mawe. Bila shaka samadi haikutupwa.

Kwa nini waliondoka? Wapo wanaotaja kuchoka kwa ardhi, wapo wanaotaja ujio wa Wamaasai. Mimi nafuata mifereji. Mingine inatoka kwenye vijito ambavyo leo hutiririka wakati wa mvua tu; nadhani maji ndiyo yaliyowapungukia. Mto Engaruka wenyewe bado una maji, na wanakijiji wa sasa wanaulimia.

Ukienda, tembea na mwenyeji na usikanyage kuta. Usichukue jiwe la kumbukumbu wala la kujengea: hakuna saruji inayoyashika mawe haya, na la chini likitoka, yaliyo juu yake yanaporomoka.