Fahamu: Njia ya kuwa Afisa Utumishi Tanzania

Nafasi nyingi za serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa kupitia Ajira Portal. Mwenye shahada huanzia Daraja la II, kisha Daraja la I, Mwandamizi, hadi Mkuu. Ngazi ni ndefu, na lifti hakuna.

Kampuni binafsi ni habari nyingine: wengi huanza na makaratasi ya mishahara na likizo. Kwangu, afisa hupimwa kwa anavyoijua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mwajiri ndiye hutakiwa kuthibitisha sababu na utaratibu. Barua ya onyo isiyo na tarehe humponza hapo.