Fahamu: Tumbaku ya nyuma ya jikoni
Kisii na Nyamira ni nchi ya ndizi na majani chai. Tumbaku ya kampuni hulimwa jirani, Migori, hasa Kuria. Lakini mzee anayetaka ugoro wake mwenyewe hutosheka na miche michache nyuma ya jikoni.

Mbegu za tumbaku ni kama vumbi: gramu 1 ina zaidi ya 10,000. Miche ikishahamishwa kutoka kitaluni na kuanza kutoa maua, kilele hukatwa ili nguvu ibaki majanini. Hapo ndipo nikotini, inayotengenezwa mizizini, huzidi. Majani huanikwa mpaka yawe ya kahawia, yakasagwa na kuchanganywa na magadi.

Je, ya nyumbani ni salama kwa kuwa haikupita kiwandani? La hasha. Kemikali za saratani hujitengeneza jani linapokaushwa na kuhifadhiwa, na ugoro wa mdomoni husababisha saratani ya kinywa. Hata kuchuma kuna hatari: majani yakiwa na umande, nikotini hupenya ngozi, mchumaji akapata kizunguzungu na kutapika.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Na kwa kuwa hatari huanzia kwenye kuchuma, basi mzazi, usimtume mwanao kuichuma.