Gari ya Okazioni kwa Kooperative: Tuanze na Fundi, Bei Ifuate

Kila mavuno yakikaribia, swali ni lile lile katika mikutano ya kooperative zetu: tununue gari ao tuendelee kukodi? Maharagwe, mihogo na mboga za Kabare zinafika soko la Mudaka kwa mgongo wa wamama, kwa pikipiki ao kwa lori ya mtu. Mvua ikinyesha, bei ya kukodi inapanda, na nyanya hazingojei mtu. Tunaelewa hamu ya kuwa na gari yenu. Lakini gari mbovu inakula makuta ya washirika hata siku imesimama.

Kwanza, hesabuni siku

Chukueni daftari. Andikeni mwezi mzima: siku ngapi mlihitaji gari, mzigo ulikuwa kilo ngapi, mlilipa ngapi. Kama gari inahitajika siku nne kwa mwezi, kukodi pamoja na kooperative jirani kunaweza kuwa na faida zaidi. Kama ni siku kumi na tano na zaidi, sasa muongee habari ya kununua.

Angalieni pia njia. Mudaka iko kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Bukavu na Kavumu, na hapo hata gari ndogo zinapita. Shida iko katika zile kilomita za udongo zinazotoka vijijini. Tangu Septemba hadi Mei, mlima mmoja wenye utelezi unatosha kulaza mzigo njiani. Hapo ndipo gari ya magurudumu manne yanayovuta inahitajika.

Gari ambayo fundi wa karibu anaijua

Ushauri wetu ni huu: kabla ya kumuuliza muuzaji bei, nendeni kwa mafundi wa Mudaka, Miti na Kavumu. Waulizeni: «Gari gani mnafungua na kufunga bila kuita mtu wa mbali? Piesi zake zinapatikana Bukavu siku hiyo hiyo?» Gari bora kwa kooperative ni ile inayopona karibu na nyumbani.

Ndiyo sababu Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, inapendwa sana na mashirika na wafanyabiashara. Nyingi zina injini ya 1HZ: mazutu, lita 4.2, silinda 6, bila turbo. Pampu yake ya mazutu ni ya kimakanika, haitegemei kompyuta. Pick-up ya aina hiyo inabeba gunia kumi za kilo mia bila kulalamika. Ubaya wake: inakunywa mazutu, na kwa sababu inatafutwa sana, hata iliyozeeka inauzwa bei kali. Hilux za zamani za mazutu, zenye pampu ya kimakanika, ni nyepesi na zinakunywa kidogo.

Zile zenye maandishi D-4D zina nguvu na zinabana mafuta. Lakini injekta zake zinaongozwa na umeme, na mazutu machafu ya bidoni yenye maji yanaziua haraka. Kama hamna mazutu safi wala fundi mwenye mashine ya kuzipima, muziache.

Siku ya kuangalia gari

Endeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji, na mumlipe siku yake.

- Gusa injini kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, muuzaji amekwisha kuiwasha. Rudini kesho asubuhi.
- Moshi wa bluu maana yake injini inachoma oili. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, hiyo ni hatari.
- Oili yenye rangi ya kahawa ya maziwa inaonyesha maji yameingia. Msinunue.
- Laleni chini ya gari. Tafuteni kutu, ufa, na mahali shasi imechomelewa. Rangi mpya chini ya gari inaweza kuficha mengi.
- Hesabuni mabamba ya springi. Hata moja lililovunjika linapunguza mzigo.
- Ipandisheni mlima wa udongo na jaribuni gia zote, pamoja na ile nzito ya magurudumu manne.
- Ulizeni mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwa 1HZ, kawaida ni kila kilomita 100,000. Hakuna jibu? Wekeni bei ya mkanda mpya ndani ya hesabu.
- Angalieni umeme: ziko za volti 24 zinazotaka betri mbili.

Hati

Nambari iliyochongwa kwenye shasi lazima ifanane na ile ya karti roze, herufi kwa herufi. Ombeni pia karatasi za forodha za DGDA. Gari iliyotengenezewa soko la Japani ina usukani kuume, na sisi tunaendesha kuume: dereva haoni mbele akitaka kupita lori. Andikisheni gari kwa jina la kooperative, si kwa jina la prezida. Mgogoro ukizuka kesho, karatasi ndiyo itakayosema.

Msimalize makuta yote

Kama mko na dola elfu kumi, tafuteni gari ya elfu nane. Ile elfu mbili ni ya oili, filta, mpira, betri na yale ambayo fundi ataona mwezi wa kwanza. Toka safari ya kwanza, wekeni sehemu ya kila mapato kwenye kasha la matengenezo. Dereva awe mmoja anayejulikana, na daftari ndani ya gari: kilomita, mazutu, mzigo, kilichoharibika. Kila asubuhi apime oili na maji. Kila wiki amwage maji yaliyokusanyika kwenye filta ya mazutu.

Mkutano mkuu usipige kura ya kununua mpaka kamati ilete majibu matatu yaliyoandikwa: siku za kazi kwa mwezi, fundi atakayeitunza, na makuta yatakayobaki kashani baada ya kulipa. Jibu moja likikosekana, kodini gari kwa msimu huu, na muendelee kuweka akiba.