Müller: jina la mtu wa kusaga unga, toka kinu cha kijiji hadi vita vya Kongo

Mwezi wa Juni 1974, Leopards ya Zaire walifika Ujerumani Magharibi wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mashindano hayo yalimalizika tarehe 7 Julai mjini Munich kwa bao la Mjerumani mmoja mfupi, mwenye mapaja manene, aliyeitwa Gerd Müller. Miaka kumi mbele ya hapo, Mjerumani mwingine mwenye jina hilohilo alikuwa ameingia Kongo. Huyo hakuleta mpira. Alileta bunduki.

Watu hao wawili hawakuwa ndugu. Kilichowaunganisha ni kazi ya mababu waliosahaulika: kusaga nafaka. Müller ndilo jina la ukoo linalobebwa na watu wengi kuliko mengine yote Ujerumani, na pia Uswisi. Nyuma yake wanakuja Schmidt, yaani mhunzi, Schneider, yaani fundi wa kushona nguo, na Fischer, mvuvi. Yote manne ni majina ya kazi.

Anayejua Kifaransa hapati shida kulitamka: ile herufi ü inasikika kama « u » ya neno « lune ». Na maana yake pia imejaa katika Kifaransa. Meunier na Dumoulin ni majina ya familia moja ya maana. Wanaofuata mpira wa Ubelgiji wanamfahamu Thomas Meunier. Kwa Kijerumani angeitwa Müller tu. Waholanzi wanasema Molenaar au Mulder, Waitalia Molinari, Wahungari Molnár, Waukraine Melnyk. Wajerumani wengi waliohamia Marekani walibadilisha maandishi wakawa Miller au Mueller. Robert Mueller, aliyeongoza polisi ya upelelezi ya FBI kuanzia 2001 hadi 2013, anatoka katika ukoo wa namna hiyo.

Kwa nini wako wengi hivyo?

Zamani sana Mjerumani wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua, kuanzia karne ya 12 hivi, Hans walikuwa wengi mno katika mtaa mmoja, na waandishi wa kodi na wa mashamba walihitaji kujua ni Hans yupi. Kwa hiyo wakaongeza alama: Hans wa mlimani, Hans mwekundu, Hans mwana wa Peter, Hans wa kinu. Baada ya vizazi kadhaa alama hiyo ikashikamana na watoto, hata kama mtoto hakufanya kazi ya baba yake.

Kinu kilikuwa karibu kila mahali palipokuwa na mto. Maji yalizungusha gurudumu la mbao, gurudumu likazungusha jiwe zito, nafaka ikatoka unga. Bila unga hakuna mkate, kama vile kwetu bila unga hakuna bukari. Kijiji kiliweza kukaa bila fundi wa dhahabu, lakini bila mtu wa kinu kisingeweza. Ndiyo sababu kila bonde lilikuwa na Müller wake, na leo kuna maelfu na maelfu ya familia za Müller ambazo hazina babu mmoja. Mtu anayeitwa Müller akikutana na Müller mwingine, hana haja ya kuuliza kama ni shemeji au binamu.

Lakini mtu wa kinu hakupendwa na kila mtu. Mara nyingi kinu kilikuwa mali ya bwana wa eneo, na wakulima walilazimishwa kusaga pale tu, hata kama kinu kingine kilikuwa karibu zaidi. Malipo hayakuwa pesa: mtu wa kinu alichota sehemu ya unga. Mama aliyeleta gunia la ngano alirudi na unga pungufu, naye hakuwa na mzani wa kuhakikisha kama kilichochukuliwa ni haki au ni wizi. Kila mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni ya mashini ya kusaga na kuangalia unga wake ukibaki ndani ya mashini anaelewa hasira hiyo.

Watu wakatunga hadithi na vichekesho juu ya wizi wa mtu wa kinu. Katika miji mingine watoto wake walikatazwa kuingia katika vyama vya mafundi, kwani kazi ya baba ilihesabiwa kuwa si ya heshima. Ilibidi sheria ya dola ya mwaka 1548 itaje watu wa kinu, pamoja na wafumaji wa kitani, vinyozi na wachungaji wa kondoo, na kuamuru kwamba wasibaguliwe. Jina ambalo leo ni la kawaida kuliko yote lilianza likiwa jina la mtu anayeshukiwa.

Müller aliyetia sahihi Versailles

Mtu wa kwanza wa jina hili aliyegusa eneo letu hakuwahi kukanyaga hapa. Hermann Müller, aliyezaliwa Mannheim mwaka 1876, alikuwa kiongozi wa chama cha Social Democrats. Tarehe 28 Juni 1919, akiwa waziri wa mambo ya inje, alikwenda Versailles, karibu na Paris, pamoja na mwenzake Johannes Bell. Wawili hao ndio waliotia sahihi mkataba wa amani kwa niaba ya Ujerumani iliyoshindwa vitani.

Kwa mkataba huo Ujerumani ilipoteza makoloni yake yote. Rwanda na Burundi, zilizokuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, zikawekwa mikononi mwa Ubelgiji chini ya Shirika la Mataifa. Mpaka wa Ziwa Kivu na Ruzizi, uliokuwa unatenganisha Wajerumani na Wabelgiji, sasa ukawa na Wabelgiji pande zote mbili. Hermann Müller alikuwa kansela mara mbili, mwaka 1920 na tena kuanzia 1928 hadi 1930. Alikufa mwaka 1931, miaka miwili mbele ya Hitler kushika madaraka.

« Kongo-Müller »

Mwaka 1964, uasi wa Simba ulienea upesi mashariki mwa Kongo. Uvira ilianguka, kisha tarehe 5 Agosti Stanleyville, mji ambao sasa ni Kisangani. Waziri mkuu Moïse Tshombe, aliyekuwa ametoka kuingia madarakani mwezi wa Julai, aliajiri mamluki wa kizungu, wengi kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, chini ya Mike Hoare. Kikosi chao kiliitwa Commando ya 5.

Kati yao alikuwepo Siegfried Müller. Alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Crossen, kando ya mto Oder, akapigana katika jeshi la Hitler, na mwaka 1962 akahamia Afrika Kusini. Kongo alipewa kuongoza kikosi kidogo kilichoitwa Commando ya 52, kilichofanya vita upande wa Boende. Kwenye nguo zake za kijeshi alivaa msalaba wa chuma aliotunukiwa katika vita vya Hitler, na aliuvaa waziwazi mbele ya wapiga picha. Waandishi wa habari wa Ujerumani wakampa jina ambalo halikumtoka tena: Kongo-Müller.

Mwaka 1965 watengenezaji filamu wawili wa Ujerumani Mashariki, Walter Heynowski na Gerhard Scheumann, walimwalika kwa mazungumzo. Hakujua kwamba ni watu wa upande wa kikomunisti. Walimwekea pombe mezani, naye akaongea kwa muda mrefu, akicheka, akieleza kwamba alikwenda Kongo kulinda nchi za Magharibi. Filamu iliyotoka mwaka 1966 iliitwa « Mtu anayecheka ». Inaonyesha uso wake wenye tabasamu, kisha picha za Wakongo waliouawa.

Ni kweli kwamba Ujerumani Mashariki ilikuwa na faida yake ya kisiasa katika kuionyesha filamu hiyo. Lakini maneno yalikuwa yake mwenyewe, na wafu walikuwa wafu wetu. Siegfried Müller alikufa Afrika Kusini mwaka 1983. Ujerumani, jina Kongo-Müller limebaki katika vitabu vya historia. 

Namba 13, mara mbili

Kwa mashabiki wengi wa mpira, Müller ni neno lenye maana moja: bao. Gerd Müller alizaliwa Nördlingen mwaka 1945. Aliifungia Ujerumani Magharibi mabao 68 katika mechi 62, na katika ligi ya Ujerumani mabao 365 katika mechi 427, hesabu ambayo hakuna mchezaji aliyeifikia hadi leo. Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico alifunga 10, na mwaka huohuo akapata Mpira wa Dhahabu. Mwaka 1974 aliongeza manne, la mwisho likiwa lile la 2-1 dhidi ya Uholanzi katika fainali.

Wakati huo Leopards walikuwa wamesharudi nyumbani. Walifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia na 3-0 na Brazil. Hawakukutana na Müller uwanjani, lakini walikuwa katika mashindano yake.

Umaarufu haukumlinda. Baada ya kuacha mpira aliingia katika ulevi, hadi wachezaji wenzake wa zamani wa Bayern Munich walipomsaidia kupata matibabu na kumpa kazi ya kufundisha vijana wa timu hiyo. Alikufa mwezi wa Agosti 2021, baada ya kuugua Alzheimer kwa miaka.

Thomas Müller, aliyezaliwa mwaka 1989, si mtoto wake wala mpwa wake. Alivaa namba 13 katika timu ya taifa, namba ileile ya Gerd, na akiwa na miaka 20 akawa mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 2010 huko Afrika Kusini kwa mabao 5. Miaka minne baadaye alitwaa kombe lenyewe Brazil. Alichezea Bayern hadi 2025, kisha akahamia Vancouver, Canada.

Mbu, na polisi wa siri

Paul Hermann Müller, mkemia wa Uswisi, aligundua mwaka 1939 kwamba dawa ya DDT inaua wadudu. Ilitumika kupigana na mbu wa malaria na chawa wa homa ya tifasi, ikaokoa watu wengi, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1948. Baadaye ikaonekana kwamba dawa hiyo haiozi upesi, inabaki ndani ya udongo, samaki na ndege. Marekani iliipiga marufuku mashambani mwaka 1972.

Herta Müller naye alizaliwa mwaka 1953 katika kijiji cha watu wanaosema Kijerumani nchini Romania. Baba yake alikuwa askari wa SS. Mama yake alipelekwa kazi ya kulazimishwa katika Umoja wa Kisovieti kwa miaka mitano, kwa sababu tu ya kuwa Mjerumani. Herta alikuwa mtafsiri katika kiwanda cha mashini. Polisi wa siri walimtaka awe mpelelezi wa wafanyakazi wenzake. Alikataa, akapoteza kazi. Mwaka 1987 alihamia Ujerumani Magharibi, na mwaka 2009 akapata Nobel ya fasihi.

Gerd mwingine, na madini

Kuna Gerd Müller mwingine ambaye hakuwahi kufunga bao la maana. Huyu alikuwa waziri wa ushirikiano na maendeleo wa Ujerumani kuanzia 2013 hadi 2021, kisha akaenda Vienna kuongoza UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Pamoja na mwenzake wa wizara ya kazi, Hubertus Heil, alisukuma sheria inayolazimisha makampuni makubwa kuchunguza kama haki za watu zinavunjwa kule bidhaa zao zinakotoka. Ilipitishwa mwaka 2021, ikaanza kutumika Januari 2023 kwa makampuni yenye wafanyakazi 3 000 na zaidi, na mwaka 2024 ikashuka hadi 1 000. Wafanyabiashara wengi waliipinga wakisema ni mzigo.

Kwa mchimbaji wa koltani au wa dhahabu, swali ni jepesi: je, sheria iliyoandikwa Berlin inafika hadi kwenye shimo? Haiwezi kufika yenyewe. Lakini iliandikwa katika sheria ya Ujerumani kwamba mnunuzi hawezi kusema hajui mahali mali inatoka. Mkulima wa zamani aliyelalamikia unga wake kwenye kinu alitaka jambo lilelile: anayechukua sehemu yake aonyeshe kipimo.

Leo vinu vingi vya mito ya Ujerumani vimekuwa nyumba za kuishi au mahoteli, na unga unatoka katika viwanda vikubwa. Tangu 2017, katika shule za ufundi, kazi ya kusaga nafaka imepewa jina refu la kitaalamu. Anayejifunza kusaga haitwi tena rasmi Müller. Wanaoitwa hivyo ni waalimu, madereva, wachezaji, wanasheria, na karibu wote hawajawahi kusaga hata kikopo kimoja cha ngano.